Kilima Tulichotoa kwa Kitendawili

Kitendawili!

Nimenyamaza, nikasikiliza. Ukungu umeulalia mto kama kuku anavyolalia mayai, matete hayatikisiki, na hakuna mtu wa kuniambia tega. Basi nitajitegea mwenyewe, nitajitegua mwenyewe, na nikishindwa nitajipa mji mwenyewe. Ndivyo anavyoishi mtu aliyebaki peke yake katika kabila zima. Anakuwa mwuliza na mwulizwa, mgeni na mwenyeji, na siku akifa sijui kama hatalazimika kuinuka kidogo ajizike.

Naitwa Audila. Kazi yangu ni kunyonyoa mabata bukini. Manyoya yale laini ya kifuani, meupe, yale yanayopaa ukicheka karibu yake, nayatia katika gunia, na mashua inakuja kuyachukua kwenda ng'ambo. Huko Warumi wanajaza magodoro ya maakida wao. Nimewahi kujiuliza: mtu akilalia manyoya ya bata wa kinamasi chetu, anaota ndoto ya nani? Huenda sisi hatukwisha. Huenda tumetapakaa, kila mmoja yuko chini ya shavu la mtu mkubwa asiyemjua, anamnong'onezea mambo ya matope na matete, naye akiamka anasema, nimeota upuuzi.

Tulikuwa wachache tangu mwanzo. Ukungu mmoja ulitutosha wote. Warumi wana kitabu cha watu wa upande huu wa mto, na wametuita wote Wajerumani, jina ambalo hakuna mama wa huku aliyewahi kumwitia mtoto akale. Kila kabila limepewa mstari wake: hawa hufunga nywele fundo pembeni, hawa hupaka ngao zao masizi, hawa ni hodari wa farasi. Chini kabisa, pale wino ulipokuwa unaisha, wameandika: na wengineo. Hao wengineo ndio sisi. Nimeliona neno hilo kwa macho yangu. Kusoma najua kidogo. Alinifundisha askari mmoja kwa kijiti kwenye matope, na elimu yangu iliishia pale matope yalipokauka.

Jina letu tunalo. Ila kwetu jina la kabila ni jibu la kitendawili, na jibu halitajwi mpaka kitendawili kimetegwa na mtu ameshindwa. Majirani wote walishindwa, kwa hiyo walilijua, na kwa kuwa walilijua kwa mchezo walilitunza kwa adabu. Sasa majirani nao hawapo.

Nitakueleza mchezo wetu ulivyokuwa, maana kabila lote lilifia humo.

Ukitegwa ukashindwa, unaambiwa: nipe mji. Lakini sisi hatukuwa na miji. Nyumba zetu zilikaa mbalimbali, kila moja na kijito chake, kama watu walionuniana. Kwa hiyo aliyeshindwa alitoa alichonacho: kisima, njia ya kwenda malishoni, kivuko, kilima. Na alitoa kwelikweli. Ukitoa kisima chako hunywi tena hapo. Aliyeshinda anakaa, anajisifu: nimekwenda kisimani kwako, nimekunywa, nimenywesha ng'ombe wangu, nimeogesha na mbwa. Watu wanacheka. Akimaliza kujisifu anatoa jibu. Na baada ya jibu anasema maneno manne: "Chukua chako, nimeshiba mimi." Hapo ndipo kisima kinarudi.

Maneno hayo hayaombwi. Ukimkumbusha mshindi ni sawa na kumwambia, wewe ni mwizi, tena ungali unatafuna. Na kitu kilichorudishwa kwa kuombwa hakijarudi. Kimekuja tu kutembea. Tangu dunia kuumbwa hapakuwa na mtu aliyeyasahau. Hata mlevi aliyaweza. Hata Gamo mwenye kigugumizi, ambaye tulikuwa tunakwenda kuchuma kuni na kurudi kabla hajamaliza, aliyamaliza.

Siku walipokuja Warumi, ilikuwa mchana na mvua imekatika. Mama yangu alikuwa amekufa wiki iliyotangulia. Kwetu kila mwanamke ana jiwe lake kando ya jiko, na akifa binti yake analikalia, na akilikalia anaanza kusema "mimi" kwa mambo ya mama na ya bibi na ya bibi wa bibi. Mimi nililikalia jiwe la mama siku moja tu. Kumbukumbu zote zikaniingia kwa pamoja bila kupangwa, na ndizo ninazotumia mpaka leo. Kwa hiyo ukiniuliza ni miaka mingapi imepita nitakosea. Arobaini? Mia nne? Naona nilikuwa msichana siku ile, na naona nilikuwa mjamzito, na naona nilikuwa mwenyewe nimelala pale kilimani nimefunikwa majani. Usinisahihishe. Huo mseto ndio urithi niliopata.

Walikuja wawili kwa mashua: akida mnene mwenye furaha, na karani kijana, mwembamba, na kibao chake cha nta. Kaka yangu Baudo aliwapokea. Baudo alikuwa bingwa wa vitendawili. Alikuwa na midomo mikubwa na roho nyepesi, na alikuwa hajawahi kutoa hata banda la kuku.

Akida alisikia mchezo wetu, akapenda. "Na mimi ninacho kimoja," akasema. "Kitendawili!"

"Tega!" tukaitikia sote, watoto wamejaa mpaka juu ya uzio.

"Hakina upana wala uzito. Hakipandwi, hakivunwi. Ukikivuka unakuwa mgeni, nacho hukukiona."

Baudo akasema usingizi. Akasema kifo. Akasema mahari, wanawake wakamzomea. Akasema mlango wa mkwe, tukacheka mpaka mbwa wakabweka. Akakuna kichwa. Akida akangoja, mikono juu ya tumbo.

"Umeniweza, mgeni," Baudo akasema, na alikuwa anacheka, kwa sababu kushindwa kwa mara ya kwanza kuna utamu wake. "Nakupa mji. Nakupa kivuko na kilima hiki chote, na majiko yaliyo juu yake."

Mzigo mzuri wa kutoa! Tulipiga makofi. Tukashuka wote kilimani, kama desturi inavyotaka, tukasimama huku chini kwenye kinamasi, miguu ndani ya maji, tukimtazama mshindi akishiba. Akida akala nguruwe wetu, akanywa pombe yetu ya shayiri. Kisha akasema jibu: mpaka.

Tukatazamana. Hatukuwa na kitu hicho. Baudo alikirudia mdomoni kama mtu anayeonja chumvi mara ya kwanza. Mpaka. Sawa, jibu limetoka. Sasa tungoje yale maneno manne.

Karani akaandika. Akida akapiga mwayo, akaondoka.

Siku ya pili akida akarudi na askari na magogo yaliyochongwa ncha, wakayasimika kilimani. Vijana wakashika mikuki. Baudo akawazuia: "Subirini, jamani. Mchezo haujaisha. Mtu hapigwi akiwa anakula." Akakaa ukingoni siku tatu, mvua ikimnyeshea, anautazama mdomo wa akida. Mdomo ule ukifunguka, Baudo anainuka. Mdomo unaomba maji, Baudo anakaa.

Wengine walikufa vitani, wengine kwa njaa, nimesikia habari zao. Sisi tulikufa kwa kusubiri. Baudo alijiandikisha askari wa Warumi ili awe karibu na mdomo ule, awepo siku utakapokumbuka. Wakampeleka kwenye mpaka mwingine, kisiwa cha mvua, mbali. Vijana wakamfuata, kila mmoja na sababu ileile. Wasichana wakaolewa na majirani, wakawa wa huko. Wazee wakafia kinamasini wakiuangalia moshi wa wageni ukitoka kwenye majiko yao.

Na hili ndilo linalonitesa. Kambi ile ilishahama. Askari wameondolewa, magogo yameoza, kilima kimebaki na majani na vipepeo. Hakuna wa kunizuia. Kutoka hapa ninaliona jiwe la mama yangu, likipigwa jua linang'aa kama jino. Ni hatua mia tatu. Sijapanda. Sitapanda. Hakijarudishwa.

Mtu anamiliki nini: pale alipokaa, au pale alipoandikwa? Nimewauliza mabata hawa kila mwaka. Wanakuja, wanakaa, wanaondoka, hawaandiki popote, na mwakani kinamasi kinawajua. Tena nauliza: kitu kilichotolewa kwa mchezo, kimetolewa na nani? Na nani alikuwa hachezi?

"Hodi!"

Nilishtuka hata manyoya yakaruka. Kichwa cha mashua kilikuwa kimetoka kwenye ukungu, na ndani yake mzee mmoja mwembamba, amevaa majoho mawili moja juu ya jingine, amekumbatia kibao cha nta kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Karibu," nikasema. "Angalia matope hayo, yanapenda viatu vya ng'ambo."

Akazama mpaka magotini. Nikamvuta. Nikamketisha juu ya gunia la manyoya, akazama tena.

"Mimi ni karani Vatino," akasema akihema. "Zamani sana niliwahi kufika hapa."

"Nakujua. Ulikuwa na nywele."

"Nawe ulikuwa na meno, bibi." Akacheka, kisha akaona aibu. "Samahani."

"Usijali. Yamekwenda kwa heshima, moja moja, hayakukimbia."

Akanieleza shida yake. Amestaafu. Amebakiwa na kazi moja, kitabu cha makabila ya mpakani. Anakinakili upya kabla macho hayajazimika. Kila akifika chini ya ukurasa, kwenye lile neno *na wengineo*, mkono unakataa. "Mimi ndiye niliyeliandika," akasema. "Nilikuwa kijana, nilikuwa na baridi, nilitaka kurudi nyumbani. Sikuuliza. Sasa nimeambiwa umebaki wewe tu. Niambie jina lenu, bibi. Nitaliandikia mstari wake. Mtasomwa."

Mtasomwa! Moyo wangu ulipiga kelele kama bata aliyeshikwa. Kila mtu wangu aliyelala kwenye matope haya alijaa shingoni mwangu akitaka kupita. Baudo, Gamo na sentensi zake ndefu, mama. Neno moja tu na hatutakuwa wengineo.

Lakini niliona pia shimo lenyewe. Kilima chetu nacho kiliandikwa katika kibao kama hicho. Kilichoingia humo hakikutoka. Nikimpa jina, tutakuwa wa kwao: mstari katika kitabu chao, chini ya neno lao Wajerumani. Na jina si kilima. Kilima kikichukuliwa unabaki unakiona.

Halafu nikaona upande wa pili wa shimo. Jina ni jibu. Jibu likitoka, mshindi husema yale maneno manne. Na huyu karani, ndiye pekee wa upande wao aliye hai aliyekuwepo siku ile, hajawahi kuyasikia hata mara moja. Siwezi kumwomba ayaseme. Lakini anaweza kuyasikia nikiyasema mimi. Bei yake ni jina.

"Jina letu halitajwi," nikasema. "Linategwa. Utacheza?"

"Nitacheza."

Nikafuta mikono. Nikapandisha sauti. "Kitendawili!"

Karani akakumbuka. Akakohoa. "Tega," akasema.

Jamani. Niligeuza uso kwa mabata nikajifanya naokota kitu.

"Tunaanza na cha kukufungua macho. Ana joho asilolinunua, tunamvua yeye anatetemeka, na anayeota joto lake yuko mbali."

"Bata bukini," akasema, akapiga chafya. "Hicho amenisaidia mwenyewe, yuko puani."

"Vizuri. Sasa chenyewe. Mwenyewe akiwepo simwoni. Akiondoka, namgusa kwa mkono."

Akafikiri. Alikuwa na uso mzuri akifikiri, kama nyumba yenye taa. "Kivuli?"

"Kivuli ukigusa unagusa ardhi."

"Harufu."

"Unashika harufu kwa mkono, karani? Ng'ambo mmeendelea."

"Ukungu. Mungu. Mke wangu marehemu." Akafunga vizuri joho la juu. "Umeniweza, bibi."

"Nipe mji."

Akatabasamu. Alikuwa na miji mingi ya kuchagua, mtu wa kwao. "Nitakupa mkubwa. Nakupa Rumi."

Basi nikaipokea. Nilikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, damu ya bata kwenye kucha, nikaenda Rumi.

Nimekwenda Rumi. Nimeingia kwa lango kubwa na matope yangu, hakuna aliyeniuliza. Nimekula mkate wa watu, nimekunywa maji yanayopita juu ya matao. Nimepita sokoni nikiita Baudo, Baudo, na sanamu zote zikageuza macho meupe. Nimeingia nyumba za wakubwa mchana wamejilaza, nimewaona mashavu yao juu ya manyoya yetu, wanaota kinamasi, midomo inasema vyura. Nimekwenda mpaka kwenye kiti cha Kaisari. Hakikuwa na mtu. Nikaweka kiganja juu yake: baridi. Wamekigusa wengi, hakuna aliyekikalia. Nikarudi barabarani, na barabara zote zilikuwa zangu, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

"Umefika mbali," karani akasema polepole.

"Nimefika."

Na hapo, wewe ninayekueleza, nilishawishika. Nikae kimya tu. Nitoe jibu, nimeze yale maneno manne, nirudi kwa mabata wangu. Rumi ingebaki kuwa yangu. Karani angerudi katika mji usio wake, na wenzake wangeendelea kunywa na kujenga, bila kujua kwa nini kuta zinaachia, kwa nini mambo hayashiki tena. Yangechukua miaka, lakini mimi nina miaka ya jiwe zima. Nililiramba wazo hilo. Lilikuwa tamu kama kidonda kinachopona.

Halafu nikawaona: wanawake wa huko, wamesimama ndani ya maji hadi magotini, watoto mgongoni, wanautazama mdomo wangu.

"Jibu," nikasema, "ni joto la mahali alipokaa mtu." Nikamwambia na jina lenyewe, kwa lugha yetu, silabi zake tatu, ambazo kinywa changu kilikuwa hakijazitoa mbele ya mtu tangu nikiwa na meno. Akaliandika harakaharaka kwenye nta, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto wa shule.

"Chukua chako," nikasema. "Nimeshiba mimi."

Kijiti kikasimama. "Umesemaje?"

"Nimekurudishia Rumi yako."

"Ni lazima kusema hivyo?"

"Tunasema hivyo."

"Kila mara?"

"Hata walevi."

Ukungu ukasogea. Nilimwona akirudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, nywele zikimrudia kichwani. "Yule mtu," akasema. "Yule aliyekaa kwenye mvua siku tatu. Akida alidhani ni bubu. Mimi nilidhani ana njaa, nikamtupia mkate."

"Aliniambia. Alisema ulikuwa mkate mzuri."

"Alikuwa anangoja hilo?"

Sikujibu. Ningejibu ningekuwa nimeomba.

"Watu wote wale. Mlikuwa mnangoja *hilo*? Bibi, mbona hamkusema?"

Nikanyonyoa bata. Unyoya mmoja, unyoya wa pili.

Akakitazama kibao chake. Jina letu lilikuwa pale, mbichi, kingo zake zinang'aa. La kwanza na la mwisho kuandikwa. Aliligusa kwa kidole. Alikuwa amelisafiria siku tisa, mzee wa majoho mawili. Kisha akaweka dole gumba juu ya nta akalisugua, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso, mpaka nta ikawa laini na haina kitu.

Akasimama. Magoti yakalia. Alisimama wima, jinsi akida hakusimama siku ile.

"Chukua chako," akasema, na sauti yake haikuwa ya karani tu. "Kivuko, na kilima, na majiko yake. Na jina. Nimeshiba mimi."

Nikamsaidia kuingia mashuani. Hatukuagana kwa maneno mengi. Ndiyo sababu hutatukuta katika kitabu chochote. Ukifika chini ya ukurasa, pale *na wengineo*, fahamu kwamba mtu alitaka kuandika zaidi akatuheshimu.

Nikapanda kilima. Hatua mia tatu. Nilipumzika mara nne. Nikawaita kwa majina, nikawaambia, pandeni, kimerudi, na majani yakanyamaza. Hakuna aliyenifuata. Magogo yaliyooza, vipepeo, mfupa wa nguruwe. Jiwe la mama lilikuwa palepale. Nikaweka mkono: baridi kama kiti cha Kaisari.

Nikakaa. Sikuwaza kitu. Jua lilikuwa upande wa pili wa mawingu, halikunisaidia. Nilikaa muda ambao bata bukini mmoja hunyonyolewa akaisha, labda wawili.

Kisha nikainuka polepole, nikageuka, nikaweka kiganja pale nilipokuwa.

Tupo.